Hivi kukumbatiana kunaongeza afya kweli, au ni mambo ya Wazungu tu?

#1 Lukuledi
Wakuu, habari za jioni.

Kila Januari 21 ikifika, siku ambayo Wamarekani wameifanya ya kukumbatiana tangu 1986, mtandaoni yanarudi madai yale yale: kukumbatiana kunazuia mafua, kunashusha presha, kunapunguza msongo. Eti binadamu anahitaji makumbatio 4 kwa siku ili aishi, 8 ili awe sawa, 12 ili akue. Wengine wanaongeza kwamba lisipofika sekunde 20 halijafanya kazi.

Naulizia mambo mawili. Kwanza, kuna sayansi hapo au ni maneno ya kupendeza tu? Pili, kama ni kweli, sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo mtoto wa kiume akishaanza shule hakumbatiwi tena, baba anapokea shikamoo kwa mbali, kuna kitu tumekosa? Huku kwetu Lindi mtu anafika miaka 40 baba yake hajawahi kumkumbatia, na si kwamba hapendwi. Baba huyo huyo ndiye aliyeuza mbuzi ili mtoto alipiwe ada.

Wenye ujuzi shusheni nondo. Nina watoto wawili wa kiume, nataka kujua.

#2 Dogo Mbezi
Siti ya mbele. Nasubiri madaktari.

#3 Jicho la Tatu
Mtoa mada, tuanze na hizo 4, 8 na 12. Zinanasibishwa na Virginia Satir, Mmarekani aliyekuwa akitibu migogoro ya familia, amefariki 1988. Hazikutoka maabara. Alikuwa anahimiza watu wa nyumba moja wapendane, watu wakayabeba maneno yake wakayageuza dozi. Ziweke kando.

Ya mafua ndiyo yenye utafiti. Sheldon Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walichukua watu wazima 404 wenye afya. Jioni 14 mfululizo wakawa wanawapigia simu: leo umegombana na mtu? Leo umekumbatiwa? Baadaye wakawadondoshea virusi vya mafua puani, wakawatenga hotelini wakiangalia nani ataugua. Ugomvi uliongeza hatari ya kuambukizwa, ila kwa wale wenye watu wa kuwaegemea hatari hiyo haikuongezeka hivyo. Kama theluthi moja ya kinga hiyo ilielezwa na makumbatio. Na katika walioambukizwa, waliokumbatiwa mara nyingi dalili zao zilikuwa nafuu. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2014.

#4 Fundi Mitambo
Jicho, yaani mtu mzima anakubali kudondoshewa mafua puani? Haya.

Lakini mbona akili yangu inaniambia kinyume? Mafua yanatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Anayekumbatiwa na kila mtu ndiye angeugua zaidi.

#5 Jicho la Tatu
Ndiyo maana waliwapa virusi wote, kwa kiasi wanachokijua wao. Swali lao halikuwa nani atakutana na kirusi, lilikuwa mwili wa nani utakishinda. Mtaani hoja yako ina uzito, pale hotelini haina.

#6 Nesi wa Zamu
Nafanya kazi wodi ya watoto njiti, hospitali siitaji. Ngoja niseme ninachokijua kwa mikono yangu.

Mtoto akizaliwa na kilo moja na nusu hana mafuta mwilini, joto linamtoka haraka. Tunamwachia nepi, kofia na soksi tu, tunamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha tunamfunga kwa kitenge kiasi kwamba mama anaweza kukaa na hata kutembea naye. Joto linapanda, kupumua kunakaa sawa, na ziwa liko karibu. Tunaita kangaruu.

Zamani ilikuwa lazima mtoto atulie kwanza kwenye mashine ya joto, hata siku kadhaa, ndipo apewe mama. Shirika la Afya Duniani (WHO) likaendesha utafiti Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili: waanze mara tu wanapozaliwa, hata kama hali haijatulia. Watoto zaidi ya 3,200, wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 12 ya walioanza mara moja, na asilimia 15.7 ya waliosubiri. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilishaonekana. Ulichapishwa 2021, na mwaka uliofuata mwongozo wa WHO ukabadilishwa.

Kwa hiyo mtu asiniambie ni mambo ya Wazungu. Hao ni watoto wetu, Dar es Salaam.

Na baba naye anaweza kumbeba. Wengi wanasimama mlangoni, mikono mfukoni. Ukimwambia avue shati anashtuka. Akishamweka mtoto kifuani, muda wa wageni ukiisha anaomba aongezewe.

#7 Dogo Mbezi
Nesi asante sana. Kumbe Waaustralia wana akili hivi, wametuletea kangaruu hadi wodini.

#8 Nesi wa Zamu
Dogo, mnyama ndiye wa Australia, mbinu ni ya Bogotá, Kolombia. Mwaka 1978 Dk. Edgar Rey alikuwa na hospitali isiyo na mashine za kutosha, watoto wanalazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja na kuambukizana. Akaamua mama ndiye awe mashine. Mwenzake, Dk. Héctor Martínez, akaiendeleza.

#9 Mzizi Mkavu
Heshima kwako Nesi, kazi yenu haina malipo yanayoitosha. Ila hapo umeongelea joto, maziwa na maambukizi. Mtoa mada kauliza kuhusu watu wazima wenye joto lao na chakula chao. Usiuchukue ushahidi wa njiti ukampa mtu wa miaka 40.

#10 Nesi wa Zamu
Mzizi, wale waliosubiri hawakuachwa kwenye baridi. Walikuwa kwenye mashine. Joto walikuwa nalo.

#11 Mzizi Mkavu
Sawa, lakini walioanza mara moja walilazwa kwenye wodi ambayo mama yupo na mtoto saa 24. Mama anaona mapema mtoto akibadilika rangi, anamwita nesi. Nani anajua ni ngozi iliyookoa au ni jicho la mama?

#12 Nesi wa Zamu
Hiyo siwezi kuikataa. Jicho la mama ninalishuhudia kila zamu.

#13 Mwl. Sengerema
Kuhusu chakula, Mzizi, hilo lilishajaribiwa kwa nyani, kwa namna ambayo leo isingekubalika. Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, miaka ya 1950, alitenga watoto wa nyani na mama zao, akawawekea masanamu mawili: moja la waya lenye chupa ya maziwa, lingine limefunikwa kitambaa laini. Watoto wakawa wanakwenda kwenye waya kunyonya, wakishiba wanarudi kung'ang'ania kitambaa, na huko ndiko walikoshinda. Wakitishwa wanakimbilia kitambaa. Enzi hizo wataalamu wengi walikuwa wanafundisha kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu ya maziwa.

Ninalisema hili nikiwafikiria watoto waliokuwa wakipelekwa bweni wakiwa darasa la kwanza, kabla serikali haijazuia mwaka 2023. Nimefundisha shule ya namna hiyo. Walikula vizuri, walifaulu vizuri, na usiku walikumbatia mabegi yao. Matroni mmoja mwenye watoto wengi vile angemkumbatia nani amwache nani? Wazazi wanaosoma hapa, usitafute njia ya mkato, subiri angalau afike darasa la tano.

#14 Mama Mapacha
Mwalimu umenigusa. Wangu nilitaka kuwapeleka mwakani.

#15 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Hodi wanangu.

Hili la kwamba kukumbatiana ni kwa Wazungu linanishangaza. Sisi Unguja siku ya Idi wanaume wakitoka msikitini wanakumbatiana bega kwa bega, hata waliokuwa hawasemezani. Mgeni wa safari akirudi anakumbatiwa na nyumba nzima. Na katika mafundisho yetu ipo habari ya al-Aqra' bin Habis, aliyemwona Mtume akimbusu mjukuu wake akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Akajibiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Basi wa kukataa kumkumbatia mwanawe asisingizie dini wala mila.

Mipaka ipo. Mwanamke na mwanamume wasio maharimu hawakumbatiani, na hapo hatupungukiwi na afya. Mwenye ndugu, watoto, wazee na mashoga zake ana wa kumkumbatia wa kutosha.

#16 Lukuledi
Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta. Ila sisi wa bara tuna Idi na Krismasi pia, na bado baba hakumbatii.

#17 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Marahaba mwanangu. Basi anza wewe.

#18 Mtoto wa Kisauni
Hapa Mombasa ni hivyo hivyo asemavyo Bi Mkubwa. Lakini nilipoenda kusoma Nairobi nilikuta watu wanakumbatiana kila saa, kazini, kanisani, ukikutana na mtu uliyeagana naye jana. Mwanzoni niliona ajabu. Sasa nikirudi nyumbani ninawakumbatia wajomba, wananiuliza kama naumwa.

#19 Malaika wa Tabora
Mbona jibu ni fupi wadau. Oksitosini, homoni ya mapenzi. Ukikumbatiwa inamwagika, unatulia. Imeisha hiyo.

#20 Nesi wa Zamu
Malaika, haijaisha. Oksitosini ndiyo hiyo hiyo tunayomchoma mama pajani, uniti 10, mara mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ubane asivuje damu. Ndiyo inayosukuma maziwa pia. Kazi zake ni nyingi. Na ile iliyo kwenye damu haivuki kirahisi kuingia ubongoni, kwa hiyo mtu akipima damu au mate akakuta imepanda, hajapima bado ubongo unahisi nini. Inahusika, nakubali. Kuipa sifa zote peke yake ndiko ninakokataa.

#21 Daktari Mtarajiwa
Niko mwaka wa nne udaktari, nichangie upande wa neva.

Ngozi yenye vinyweleo, kama mgongoni na mikononi, ina nyuzi za neva ambazo hazijali sana umeguswa na nini. Zinajali umeguswaje. Zinaitikia vizuri mguso wa taratibu, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, wenye joto la ngozi ya mtu. Habari zake zinakwenda polepole, kama mita 1 kwa sekunde, wakati nyuzi zinazokuambia umekanyagwa zinakwenda makumi ya mita. Na haziishii kukuambia umeguswa wapi, zinafika sehemu ya ubongo inayoshughulika na hali ya ndani ya mwili na hisia. Watafiti wa Sweden wamezifuatilia miaka mingi. Wazazi wakiombwa wampapase mtoto wao, mkono unakwenda kwenye kasi hiyo hiyo bila kufundishwa.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba ni homoni kwanza. Naamini ni waya kwanza, homoni inafuata.

#22 Mzizi Mkavu
Umeeleza vizuri daktari. Lakini hiyo ni kupapasa. Kumbatio la kawaida mtu anakubana na kutulia, mkono hauendi popote. Hizo nyuzi zinaingiaje?

#23 Daktari Mtarajiwa
Swali zuri. Watu wengi wakikumbatia wanapapasa mgongo pia, angalia stendi ya mabasi. Ila kubanwa kwenyewe kuna njia zake, na nakubali hapo maelezo yangu hayatoshi.

#24 Mama Mapacha
Kuhusu kubanwa nina la kusema. Mmoja wa mapacha wangu ana usonji. Kumkumbatia ghafla ni kama kummwagia maji ya moto. Anapiga kelele, anakimbia. Ndugu walikuwa wanasema mtoto hana mapenzi, wengine wakasema nimemdekeza. Lakini huyo huyo anajifunga blanketi zito, anajibana kati ya godoro na ukuta, ndipo anatulia.

Baadaye nikasoma habari za Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji ambaye amekuwa profesa wa mifugo. Akiwa kijana, kwenye ranchi ya shangazi yake Arizona, aliona ng'ombe wakibanwa kwenye kibanio cha chanjo na baadhi yao wakitulia. Akajitengenezea mashine yake ya kujibana, 1965. Kilichonifungua macho ni kwamba aliyekuwa akiiongoza ni yeye. Anaamua ibane kiasi gani na iachie lini.

Siku hizi ninakaa chini, nafungua mikono, nasubiri. Siku nyingine haji. Akija, anakuja kwa mgongo, ananiegemea, mimi nabana taratibu. Wanaoandika humu kwamba kila mtoto akumbatiwe mara kadhaa kwa siku, naomba mkumbuke watoto wa namna hii. Msiwalazimishe, na msiseme hawapendi.

#25 Malaika wa Tabora
Mama Mapacha, Mungu akutunze. Ujumbe wako nimeutuma kwenye kundi la familia yetu.

#26 Mhasibu wa Kike
Niunge hapo alipoishia Mama Mapacha: kuamua ni nani anayekubana.

Kuna wanaume wamesikia kwamba kukumbatiana ni afya, na wamepata kisingizio. Mahali nilipofanya kazi zamani bosi alikuwa anakumbatia kila mwanamke asubuhi, mkono unashuka. Ukikwepa unaambiwa una maringo, wewe si mtu wa timu. Tuliomba zamu za kuingia mapema ili tusikutane naye kwenye korido. Hakuna presha iliyoshuka pale, zilipanda.

Jicho la Tatu, huo utafiti wa mafua uliuliza kama kumbatio lilitakiwa?

#27 Jicho la Tatu
Pole sana dada. Swali la kila jioni lilikuwa kama mtu amekumbatiwa siku hiyo. Lakini kuna uchambuzi mkubwa ulitoka 2024 kwenye jarida la Nature Human Behaviour, watafiti wa Ujerumani na Uholanzi, tafiti 137 zenye watu karibu 13,000 zikawekwa pamoja. Waliona mguso unapunguza maumivu, wasiwasi na huzuni kwa watu wazima, na unawasaidia watoto wachanga. Mambo mawili yanahusu uzi huu. Kwa mtu mzima faida ya kiafya ilionekana hata kwa mguso wa asiye jamaa, kama wa mkandaji au muuguzi, lakini kwa mtoto mchanga mguso wa mzazi ulizidi wa mtu baki. Na mara ngapi kulikuwa na uzito kuliko muda gani.

Tafiti hizo watu walijitolea kuguswa. Bosi wako hayumo humo.

#28 Fundi Mitambo
Kwa hiyo sekunde 20 zimekufa?

#29 Jicho la Tatu
Hazijafa, zina chanzo chake. 2003, Chuo Kikuu cha North Carolina: wenzi walishikana mikono dakika 10 wakitazama video, kisha wakakumbatiana sekunde 20, halafu kila mmoja akapewa kazi ya kuhutubia. Presha na mapigo ya moyo havikupanda sana kama vya waliokaa bila mwenzi. Watu wamezichukua zile sekunde 20 wakaziacha dakika 10 za mikono. Huwezi kujua kipi kilisaidia.

Watafiti wengine wa chuo cha Goldsmiths, London, walilinganisha sekunde 1, 5 na 10. La sekunde 1 ndilo halikuwapendeza watu. Kati ya 5 na 10 hakukuwa na tofauti ya kusimulia.

#30 Kivu Yetu
Salamu kutoka Goma.

Huku kwetu tunasalimiana kwa kugusanisha vichwa, kushoto, kulia, kushoto, huku mmeshikana mkono. Ukikutana na mtu wa siku nyingi unamkumbatia kabisa. Halafu Ebola ikatangazwa Agosti 2018, Beni, Butembo, Ituri, ikaenda hadi Juni 2020. Ndoo za maji ya klorini kila mlango, kipima joto kwenye paji la uso, na amri moja: msigusane. Tukaanza kusalimiana kwa viwiko. Kabla haijaisha ikaja Corona.

Ninyi mnauliza kama kumbatio linasaidia. Sisi tuliona likiondolewa. Nilimzika shangazi yangu Butembo kwa kutazama, watu wa mavazi meupe wakimbeba, sisi tumesimama mbali, dada zake hawawezi hata kushikana. Kwetu msibani mtu anashikwa, anaegemezwa, hawezi kulia peke yake. Siku ile kila mtu alilia peke yake. Ilikuwa lazima, ugonjwa ule unapita kwenye mwili wa marehemu na majimaji yake, na waliokaidi tuliwazika pia. Lakini mama yangu mpaka leo anasema mdogo wake hakuzikwa.

#31 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Mungu awarehemu marehemu wenu mwanangu, na ampe mama subira. Hilo nimelisoma mara mbili.

#32 Bujumbura Kwetu
Pole ndugu wa Goma. Kwetu Burundi, na majirani Rwanda, salamu yenyewe ni kumbatio. Si la haraka. Unamshika mtu mikono, mabega, mnabaki hivyo mkiulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Mzee wa kiume anamkumbatia kijana wa kiume njiani na hakuna anayegeuka kutazama. Sasa Lukuledi anauliza kama wanaume wa Kiafrika wanaweza. Wanaweza, panda basi uje uone.

Ila niseme ukweli, hatuugui kidogo kuliko ninyi. Malaria ni ile ile.

#33 Mzizi Mkavu
Asante Bujumbura, hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo. Huenda mtu mwenye watu ndiye mwenye afya, na kumbatio ni ishara tu kwamba ana watu. Anayekumbatiwa Lindi na anayepewa mbuzi wa ada wote wana watu.

#34 Jicho la Tatu
Cohen mwenyewe aliliona hilo, ndiyo maana alipima vyote viwili, kuwa na watu na kukumbatiwa. Theluthi ndiyo ikaenda kwa kumbatio. Theluthi si kitu kidogo, na pia si chote.

#35 Dogo Mbezi
Wadau, mnasema wanaume wa Tanzania hawakumbatiani. Nendeni kwa Mkapa siku Simba imefunga goli dakika za mwisho. Mwanaume mwenye ndevu anamkumbatia asiyemjua, jasho kwa jasho, analia.

#36 Fundi Mitambo
Dogo hiyo hutokea upande wetu wa Yanga zaidi, sisi ndio tumezoea kufunga.

#37 Dogo Mbezi
Ndiyo yale yale. Mmezoea kukumbatiana na makombe ya zamani.

#38 Mtoto wa Kisauni
Msianze. Lakini Dogo kasema kitu. Uwanjani mwanaume anaruhusiwa. Msibani kidogo. Nyumbani hapana. Kwa hiyo si kwamba mwili wake hautaki.

Na mnakumbuka Machi 2020, Rais Magufuli na Maalim Seif wakasalimiana kwa miguu Ikulu Dar? Wanasiasa wa pande mbili, na picha ile ilisambaa hadi huku Kenya. Watu wanatazama sana nani kamgusa nani.

#39 Daktari Mtarajiwa
Kuhusu wanaume, kuna utafiti wa Bochum, Ujerumani, 2022. Wapenzi 76 kwa jumla, nusu yao wakakumbatiana kabla ya jaribio la kutia msongo, ambapo mtu anatumbukiza mkono kwenye maji ya barafu huku anatazamwa. Wanawake waliokumbatiwa kotisoli yao, homoni ya msongo, ilipanda kidogo kuliko wenzao. Kwa wanaume hakukuonekana tofauti.

#40 Malaika wa Tabora
Ndiyo maana wanakimbia, haiwasaidii!

#41 Lukuledi
Malaika, hapana, hapo nitapinga. Dk. Mtarajiwa, walikumbatiwa kwa muda gani?

#42 Daktari Mtarajiwa
Mara moja tu, sekunde 20. Watafiti wenyewe walisema huenda mguso wa muda mrefu au wa namna nyingine ungeonyesha kitu kwa wanaume, na huenda wanaume wamelelewa kuuona mguso tofauti.

#43 Mzee Kipara wa Songea
Nimewasoma vijana. Mimi nina miaka 71.

Baba yangu hakunikumbatia, na mimi sikuwakumbatia wanangu. Tulikuwa na namna yetu. Jioni tulikaa kwenye moto, mtoto anakaa katikati ya miguu ya babu yake, anaegemea kifua anasikiliza hadithi mpaka analala, anabebwa. Mnyolewaji nywele alikuwa baba, anakushika kichwa saa nzima. Kuoga mtoni mnasuguana migongo. Wamasai mpaka leo mtoto anainamisha kichwa, mzee anamwekea mkono utosini. Tuliguswa, sana, ila hakuna aliyesimama mlangoni kufungua mikono.

Sasa hivi moto haupo, kinyozi ni wa kulipwa, kila mtu na bafu lake na simu yake. Tumeacha vya kwetu na hatujachukua vya Wazungu, mtoto amebaki katikati hana chochote. Nadhani hilo ndilo Lukuledi anaulizia.

#44 Lukuledi
Shikamoo mzee. Ndilo hilo hasa. Umelisema kuliko nilivyoliandika.

#45 Mhasibu wa Kike
Mzee wangu, shikamoo. Na kwa wasichana kulikuwa na kusukwa. Unakaa chini kati ya magoti ya mama au dada, kichwa kinaenda huku na huku. Mimi siri zangu zote nimezitoa nikisukwa. Sasa tunakwenda saluni, dada wa watu anaangalia tamthilia.

#46 Mzizi Mkavu
Mzee Kipara, ninakubali karibu yote. Ila hapo kifuani kwa babu kuna hadithi, kuna moto, kuna chakula cha jioni, kuna muda. Ukichukua kimoja tu ukakiita kumbatio ukakipa sekunde 20, umebakiza kitu?

#47 Nesi wa Zamu
Mzizi, kwa mtu asiye na babu wala moto, kilichobaki ni hicho. Sitamnyima kwa sababu si kamili.

#48 Mwl. Sengerema
Lukuledi, hao wa kwako wana miaka mingapi? Mdogo bado unaweza kumbeba tu. Mkubwa kama ameshaanza kuona haya usimkumbatie getini mbele ya wenzake, atakukimbia. Mpige bega, mshike kichwa, mnyoe mwenyewe kama alivyosema Mzee Kipara.

#49 Lukuledi
Mmoja ana 6, mmoja 13. Wa 13 nimemnunulia mashine ya kunyolea, nitajifunza kwake. Baba yangu yupo Nachingwea, nakwenda Pasaka, huko ndiko sijui nianzie wapi.

#50 Mtoto wa Kisauni
Shikamoo kwanza, mkono wa kulia. Usiuachie.

#51 Mzee Kipara wa Songea
Usimshtukize tu. Wazee tuna mgongo mbovu.